Ubunifu wa Vivumaji vya Maikrowevu na Swali la Istilahi ya Q

1.0 Utangulizi

Makala haya yalianzia katika zoezi la tafsiri. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alipewa ukurasa wa maelezo ya ala za fizikia autafsiri kwa Kiswahili, naye katikati ya ukurasa akaandika: "Wabunifu walipunguza ubora wa chombo ili ishara ionekane vizuri zaidi." Wenzake darasani walikubaliana kwamba amekosea, kwa kuwa hakuna fundi anayepunguza ubora wa chombo chake kwa makusudi, sembuse kwa nia ya kuona vizuri zaidi. Tuliporudi kwenye matini chasili tulikuta kwamba mwanafunzi yule hakukosea hata kidogo. Alitumia istilahi iliyozoeleka, na istilahi hiyo ndiyo iliyomfanya aonekane amekosea.

Chombo kilichozungumzwa ni kivumaji cha maikrowevu kinachotumika katika spektroskopia ya mvumo wa parasumaku wa elektroni. Istilahi yenyewe ni ile inayosimamia herufi Q, ambayo walimu wengi huiita "kigezo cha ubora". Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo hicho kinavyobuniwa, na katika kueleza huko kuonyesha kwamba Q si ubora. Mwandishi anaamini kwamba istilahi haiwezi kuhukumiwa kwa kuangalia orodha ya maneno peke yake. Hapana budi kuingia katika kazi ambamo istilahi hiyo inatumika, hata kama kazi hiyo ina hesabu. Hesabu zitakazotolewa hapa ni chache, na msomaji wa isimu anaweza kuzifuata bila shida.

2.0 Elektroni isiyo na mwenzi

Elektroni ina spini, na kwa sababu hiyo hujiendesha kama sumaku ndogo sana. Katika molekuli nyingi elektroni zimepangwa mbili mbili, na sumaku za kila jozi hubatilishana. Pale ambapo elektroni moja imebaki bila mwenzi, kama ilivyo katika radikali huru na katika baadhi ya ioni za shaba na za chuma, dutu huwa ya parasumaku. Dutu hiyo ikiwekwa ndani ya uga wa sumaku, spini ya elektroni ile hupata hali mbili za nishati, na tofauti baina ya hali hizo hukua kadiri uga unavyokua. Wimbi lenye masafa yanayolingana na tofauti hiyo huweza kuigeuza spini kutoka hali moja hadi nyingine. E. K. Zavoisky alilishuhudia jambo hili mwaka 1944 huko Kazan. Maabara nyingi sasa hutumia masafa yaliyo karibu na gigahezi 9.5, ambapo uga unaohitajika kwa elektroni huru ni takriban militesla 339.

Ugumu wa kazi hii unatokana na uhaba wa ishara. Katika joto la kawaida la chumba, na kwa masafa hayo tuliyoyataja, kila elektroni 10,000 zisizo na mwenzi hugawanyika karibu nusu kwa nusu: zipatazo 5,004 huwa katika hali ya chini na 4,996 katika hali ya juu. Elektroni za juu zikigeuzwa hurudisha nishati ileile ambayo za chini huimeza. Kwa hiyo kinachopimwa ni mchango wa zile 8 tu zilizozidi. Wimbi likipitishwa mara moja katika sampuli na kuachwa liende zake, kiasi kitakachomezwa ni kidogo mno. Inatakiwa wimbi lifungiwe mahali ambapo litaipitia sampuli mara nyingi kabla halijafifia, na mahali hapo ndipo panapoitwa kivumaji.

Neno hili linahitaji maelezo. Wengine hupendelea "mwangwi" kwa dhana inayohusika, lakini mwangwi ni sauti inayorudi baada ya kitambo, na tutaona katika sehemu ya sita kwamba wataalamu wa fani hii wana mwangwi wao wa kweli, ambao ni jambo jingine kabisa. "Mvumo" unafaa zaidi, kwa kuwa ngoma huvuma inapopigwa, nayo huvuma kwa sauti yake yenyewe wala si kwa sauti yoyote. Kutokana na kitenzi "vumisha" mtu angeweza kuunda "kivumishi", lakini wanasarufi walikwisha kulichukua neno hilo zamani, na mwanafizikia atakayelidai ataanzisha ugomvi asioweza kuushinda. Tumechagua "kivumaji". Tumeliepuka pia jina la jumla la "kasha la mvumo", kwa sababu, kama itakavyoonekana, si kila kivumaji ni kasha.

3.0 Kasha la mstatili

Kivumaji cha zamani zaidi miongoni mwa vinavyotumika sana ni kipande cha bomba la shaba la mstatili, lililozibwa ncha zote mbili. Tuchukue bomba la kawaida la masafa haya, ambalo upana wake wa ndani ni milimita 22.86 na kimo chake milimita 10.16. Katika hewa wimbi la gigahezi 9.5 lina urefu wa milimita 31.6. Ndani ya bomba, kwa kuwa wimbi hugongana na kuta, urefu huo hunyooka hadi kufikia milimita 43.6. Kasha lenye urefu huohuo hubeba nusu mbili za wimbi, na mpangilio huu hujulikana kwa alama TE102. Katika utendaji urefu halisi hurekebishwa kidogo, kwa sababu kitundu cha kuingizia wimbi na neli ya sampuli huyavuta masafa.

Uzuri wa mpangilio huu uko katikati ya kasha. Uga wa sumaku wa wimbi, ambao ndio unaogeuza spini, hufikia kilele hapo. Uga wa umeme hapohapo ni sifuri. Neli ya sampuli hupenyezwa katika bapa hilo la kati, na hivyo sampuli huupata uga inaouhitaji bila kuupata ule usiotakiwa.

Kwa nini uga wa umeme hautakiwi? Sababu kubwa ni maji. Sampuli za kibiolojia karibu zote ni za majimaji, na molekuli za maji hujaribu kufuata uga wa umeme unaopindukapinduka mara bilioni 9.5 kwa sekunde. Katika kujaribu huko humeza nishati na kuigeuza kuwa joto, jambo ambalo wenye majiko ya maikrowevu wanalifahamu vyema. Ndiyo maana sampuli ya maji hutiwa katika kichupa bapa cha kwatsi, chenye nafasi ya ndani ya takriban milimita 0.3, na kichupa hicho hulazwa sawasawa na bapa la kati. Tuone tofauti inavyokuwa. Katika umbali wa milimita 0.15 kutoka bapa hilo, mraba wa uga wa umeme ni karibu 0.0005 ya kilele chake. Katika umbali wa milimita 1 ni karibu 0.02, yaani zaidi ya mara 40 ya ule wa kwanza. Hapa hatujahesabu namna maji yenyewe yanavyoupinda uga, lakini hesabu hii inatosha kueleza kwa nini neli ya mviringo iliyojaa maji huua mvumo ilhali kichupa bapa huuacha hai. Inaeleza pia kwa nini fundi hukigeuzageuza kichupa kwa vidole, nyuzi chache huku na chache kule, huku akiangalia mvumo ukipanda na kushuka.

Kuta za kasha zina mgogoro wao wenyewe, nao kwa maoni ya mwandishi ndio unaovutia kuliko yote. Ili ishara itofautishwe na kelele, uga mkuu wa sumaku hutikiswa kidogo kwa uga mwingine wa kilohezi 100, unaotoka katika koili zilizo nje ya kasha au ubavuni mwake. Utikisaji huo sharti uipenye shaba hadi ndani, ilhali maikrowevu sharti zisiipenye shaba hadi nje. Ukuta uleule unaombwa ufunge na ufungue. Wokovu ni kwamba kina cha upenyaji hutegemea masafa. Katika shaba, maikrowevu za gigahezi 9.5 hupenya takriban maikromita 0.7 tu, na utikisaji wa kilohezi 100 hupenya takriban maikromita 200. Basi ukuta wenye unene wa maikromita chache ni ukuta kamili kwa maikrowevu na ni kama haupo kwa utikisaji. Wabunifu hupaka tabaka jembamba la fedha au dhahabu juu ya kitu kisichopitisha umeme. Wengine huacha ukuta mnene na kuukata mianya myembamba inayofuata njia ya mikondo ya maikrowevu, ili mikondo hiyo isikatizwe.

4.0 Herufi Q

Sasa tunaweza kuifafanua Q. Ni nishati iliyotunzwa katika kivumaji, ikigawanywa kwa nishati inayopotea katika mzunguko mmoja wa wimbi, kisha ikazidishwa kwa 2π. Fasili haisemi lolote zaidi ya hilo. Kasha lenye kuta safi na lisilo na maji hutunza sana na kupoteza kidogo, kwa hiyo Q yake huwa kubwa, aghalabu maelfu kadhaa. Likitiwa maji vibaya Q huporomoka.

Kasha lisilo na mlango halina faida. Maikrowevu huingia kupitia kitundu, na ukubwa wa kitundu hicho hurekebishwa kwa skrubu. Kitundu nacho ni njia ya kupotezea nishati, na hivyo Q inayopimwa kasha likiwa limeambatishwa na chanzo ni ndogo kuliko ya kasha lililofungwa. Fundi akirekebisha hadi upotevu wa kitundu ulingane na upotevu wa ndani, Q hupungua kuwa nusu kamili, na jambo la ajabu hutokea: wimbi linalotumwa halirudi. Linamezwa lote. Kigunduzi kinachongojea wimbi lirudi hakisikii kitu. Kisha uga mkuu unapofikia thamani ya mvumo, sampuli humeza kidogo, ulinganifu huvurugika, na wimbi dogo hurudi. Ishara ya spektroskopia hii ni kuvunjika kwa kimya hicho.

Ukubwa wa ishara, kwa spini ambazo hazijashiba, hutegemea mazao ya vitu vitatu: Q, kadiri ya ujazaji, na kipeuo cha pili cha nguvu ya maikrowevu. Kadiri ya ujazaji hupima ni sehemu gani ya nishati ya sumaku ya kivumaji iliyomo ndani ya sampuli. Mtu akiitazama Q peke yake katika mazao hayo atasema kwamba Q kubwa ni bora, na hapo ndipo jina la "ubora" linapojipatia uhalali wake.

Lakini herufi yenyewe haikutoka katika ubora. Aliyeitumia kwanza ni K. S. Johnson, mhandisi wa Western Electric huko Marekani, katika hesabu zake za koili karibu na mwaka 1920. Estill I. Green, aliyeisimulia historia hiyo mwaka 1955, anaeleza kwamba Johnson hakuichagua Q kwa sababu ya neno lolote. Herufi nyingine zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa kwa mambo mengine, na Q ilikuwa imebaki. Neno la Kiingereza lenye maana ya ubora, ambalo kwa bahati huanza kwa herufi hiyo, lilipachikwa baadaye. Wajerumani, Wafaransa na Warusi walilifasiri neno lililopachikwa, na sisi tukafuata msafara.

5.0 Kitanzi na mwanya

Mwaka 1982 Wojciech Froncisz na James S. Hyde walieleza kivumaji cha aina nyingine, kwa kazi iliyofanyika Milwaukee, Marekani. W. N. Hardy na L. A. Whitehead walikuwa wameeleza chombo cha jamaa hiyo mwaka 1981. Kivumaji cha kitanzi na mwanya ni silinda ndogo ya metali iliyopasuliwa ufa mwembamba kwa urefu wake. Mkondo huzunguka katika kitanzi na kufanya uga wa sumaku ndani yake. Chaji hukusanyika kwenye kingo za mwanya, na uga wa umeme hubaki humo, mbali na sampuli. Kwa hiyo kazi ambayo kasha la mstatili huifanya kwa vipimo vya bapa la kati, chombo hiki huifanya kwa umbo lake. Ukubwa wake hautegemei urefu wa wimbi, hivyo kinaweza kuwa kidogo sana. Kwa maneno ya fundi wa redio, ni koili moja na kapasita moja. Hakika si kasha, na ndiyo sababu tulikataa kuliita kila la namna hii kasha.

Q ya kivumaji hiki mara nyingi huwa mia chache hadi elfu moja hivi. Kwa lugha ya "ubora" ni chombo duni. Tukilinganishe na kasha kwa sampuli ya maikrolita 1, ambayo ndiyo aghalabu yote aliyo nayo mwanabiolojia anayechunguza protini. Tuchukulie kasha lenye Q ya 3,500. Ujazo wake ni karibu milimita za ujazo 10,100, lakini kwa kuwa uga haulingani kila mahali, ujazo wa kuhesabia, tukiulinganisha na uga wa kilele, ni kama 5,000. Tuchukulie kitanzi chenye kipenyo cha milimita 1 na urefu wa milimita 5, ambacho ujazo wake ni kama 4, na Q yake iwe 500.

Kwa sampuli ndogo iliyo katika kilele cha uga, kadiri ya ujazaji hubadilika kinyume na ujazo wa kivumaji. Kwa hiyo, kwa nguvu ileile ya maikrowevu, ishara hufuata Q ikigawanywa kwa ujazo. Kwa kasha tunapata 0.7, na kwa kitanzi 125, yaani karibu mara 180. Mtaalamu makini atapinga mara moja: nguvu ileile katika kitanzi hufanya uga mkubwa zaidi, na spini zitashiba kabla hazijatoa faida yote hiyo. Pingamizi ni la haki. Tukiushika uga kwenye sampuli uwe uleule katika vyombo vyote viwili, ishara hufuata kipeuo cha pili cha uwiano huo, na faida hushuka hadi karibu mara 13. Sehemu ya uga pia huvuja nje ya kitanzi na kupunguza zaidi. Hata hivyo chombo chenye Q ndogo mara saba kinabaki mbele kwa mbali.

Sampuli ikiwa nyingi mambo hugeuka. Mwenye mililita ya unga mkavu hana haja ya kitanzi, na kasha litamtumikia vizuri. Hivyo hata sentensi isemayo kwamba kitanzi ni bora kuliko kasha haina maana mpaka mtu aulizwe ana sampuli kiasi gani.

6.0 Mapigo

Hadi hapa Q ilikuwa kubwa au ndogo, lakini hakuna aliyeichukia. Katika majaribio ya mapigo huchukiwa. Badala ya kutuma wimbi mfululizo, mtafiti hutuma mapigo mafupi, mara nyingi ya makumi ya nanosekunde, yenye nguvu inayoweza kufikia kilowati 1. Kisha huzima na kusikiliza spini zinavyojibu. Katika majaribio mengi jibu hilo ni mwangwi kwa maana kamili ya neno: baada ya mapigo mawili, spini zilizotawanyika hukusanyika tena na kutoa ishara baada ya kitambo.

Tatizo ni kwamba kivumaji huendelea kuvuma baada ya pigo kuzimwa. Chenye Q ya 3,500 katika gigahezi 9.5 huchukua takriban nanosekunde 59 kupunguza nguvu yake kwa kigawe cha 2.718. Ili nguvu ya kilowati 1 ishuke hadi kiwango ambacho kigunduzi kinaweza kusikia ishara hafifu, tuseme kwa kigawe cha 10 kipeo cha 15, punguzo hilo sharti lirudiwe zaidi ya mara 34, nayo inakuwa maikrosekunde 2 nzima. Spini za sampuli nyingi zimekwisha kujibu na kunyamaza wakati huo. Kivumaji chenye Q ya 100 hunyamaza katika nanosekunde zipatazo 58. Wahenga waliosema kwamba ngoma ivumayo haidumu hawakuwa na habari za maikrowevu, lakini mtafiti wa mapigo angetamani sana ngoma yake iwatii.

Kwa hiyo mbunifu huipunguza Q kwa makusudi. Njia iliyo nyepesi ni kukipanua kitundu, ili nishati itoke haraka kupitia mlango iliyoingilia. Njia hii haiharibu kuta wala haiongezi joto katika sampuli. Njia nyingine ni kutumia kitanzi, ambacho Q yake ni ndogo tangu awali. Mbunifu anayeipunguza Q hivyo hakukubali chombo kibaya. Amekitengeneza vizuri kwa kazi yake.

7.0 Pendekezo

Ipo hoja ya kuliacha jina lilivyo. Mataifa tuliyoyataja yametumia neno la ubora kwa miongo mingi, na wanafizikia wao hawajapotea njia. Mwanafizikia haongozwi na jina. Anaongozwa na fasili. Hoja hii ina nguvu kwa mtu aliyekwisha kuwa mwanafizikia. Haina nguvu kwa mwanafunzi anayeikuta istilahi kabla ya kuikuta fasili, wala kwa mtafsiri ambaye hana maabara ya kumsahihisha. Kiswahili bado kinajenga hazina yake katika fani hii. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi, na kazi ya kushuka hadi kwenye matawi ya ndani imeachiwa waliobaki. Pale ambapo neno halijaota mizizi mirefu, kulibadilisha hakumgharimu mtu sana.

Tulifikiria "kadiri ya utunzaji", kwa kuwa fasili inazungumzia nishati iliyotunzwa. Tuliliacha kwa sababu kivumaji kikubwa hutunza nishati nyingi bila kuwa na Q kubwa, na msomaji angedhani kinachopimwa ni wingi wa akiba. Tunapendekeza "kadiri ya udumifu". Udumifu unaeleza muda ambao mvumo hudumu ukiachwa peke yake, nao ndio unaofuata moja kwa moja kutoka katika uwiano wa kilichotunzwa na kinachopotea. Unafaa kwa kasha, kwa kitanzi na kwa koili za Johnson pia. Hauna sifa wala lawama ndani yake. Vivumishi vitakavyofuata viwe "mkubwa" na "mdogo", wala visiwe "mzuri" na "mbaya". Herufi Q ibaki ilivyo katika milinganyo yote, kwani haina kosa.

Tulimrudishia mwanafunzi yule ukurasa wake pamoja na neno jipya, naye akaandika: "Wabunifu walipunguza udumifu wa kivumaji ili mvumo wake unyamaze kabla ya mwangwi wa spini kufika." Nusu ya pili ya sentensi aliiongeza mwenyewe. Haikuwamo katika matini chasili, na kwa kanuni za tafsiri tulilazimika kumkata alama.